Pua, Harufu na Majira ya Mwaka

Umepata kumtazama beberu akiwa karibu na jike? Hunusa mkojo wake, kisha huinua kichwa, hukunja mdomo wa juu, akasimama hivyo kitambo kama mtu anayefikiri. Watoto humcheka. Lakini beberu yumo kazini. Anavuta harufu ile mpaka katika kiungo kidogo kilicho juu ya kaakaa, nacho humjulisha kama jike yuko tayari kupandwa au bado.

Sasa tuulize: harufu hufikaje ndani? Kila kitu chenye harufu hutoa chembe ndogo sana zinazochukuliwa na hewa. Ndani ya pua mna ute. Ute ule ni majimaji, lakini chembe nyingi za harufu zina tabia ya mafuta, nawe unajua ya kuwa mafuta na maji havichanganyiki. Basi katika ute wa pua za wanyama wengi zimo protini ndogo, kila moja ina nafasi katikati yake. Hizo huzishika chembe za harufu na kuzivusha, kama wapagazi wavushao mizigo mtoni, mpaka kwenye neva zinazopeleka habari katika ubongo. Wataalamu walizitambua kwanza katika pua za ng’ombe, katika miaka ya 1980.

Wapagazi hawa hawawi wengi sawasawa mwaka mzima. Katika wanyama wengine wa porini wanaozaa kwa majira, homoni za mwili hubadilika wakati wa kupandana ukikaribia, na protini za pua hubadilika pamoja nazo. Katika nchi za baridi mwili huhesabu majira kwa urefu wa mchana. Kondoo wa Ulaya hupandana mchana unapofupika.

Kwetu Uvira si hivyo. Tuko karibu na ikweta, na mchana wa Juni haupitani na wa Desemba hata nusu saa. Ndiyo maana mbuzi wetu huweza kuzaa mwezi wowote, ingawa hufanikiwa zaidi wakipata majani mabichi baada ya mvua. Hata hivyo harufu ina nguvu kwao pia. Wafugaji wengi wanajua: majike wakitengwa na beberu majuma kadhaa, kisha akaletwa kati yao, wengi huanza kumtaka katika siku chache. Mwaka 2014 wataalamu wa Japani walipata kitu kimoja katika harufu ya kichwa cha beberu kinachoamsha ubongo wa jike. Kumbe uvundo ule tunaoukimbia una kazi yake!

Na pua yako wewe? Haina majira ya kupandana, lakini kiangazi na masika inavijua. Kuanzia Juni mpaka Agosti upepo huleta vumbi la bonde la Ruzizi, na ute hukauka. Anayeinamia moshi wa kukaushia samaki kila siku huona harufu zimefifia. Mafua nayo huziba pua kabisa. Tena ugonjwa wa Covid-19, tangu mwaka 2020, uliwaondolea watu wengi harufu kwa majuma, wengine kwa miezi.

Usiseme hasara yake ni ladha ya chakula tu. Mama asiyesikia harufu hatambui ndagala walioharibika, na wakati wa mvua hasa ndagala hawakauki vema mchangani. Hatambui wala kitambaa kinachoungua karibu na makaa. Mama, ukiwa katika hali hiyo, mwombe mtoto mkubwa au jirani anuse badala yako kabla hujapika. Usitie puani ugoro wala mafuta ya taa, kwa maana vitu hivyo huunguza ngozi laini ya ndani. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Hali ikiendelea zaidi ya majuma machache, njoo hospitali.

Lakini hata pua nzima ina mpaka wake, na hapa watu wa pwani yetu wamepoteza wapenzi wao. Kipindupindu hakina harufu. Unaweza kuteka maji ya ziwa, au ya Mto Mulongwe, ukayanusa, ukayaona safi, kumbe yamejaa vijidudu. Hakuna mpagazi katika ute wa pua awezaye kukuletea habari hiyo. Kwa hiyo usipime maji kwa pua. Yachemshe mpaka yatokote, au tia dawa ya klorini kwa kipimo ulichoonyeshwa, ukangoje nusu saa. Wengine hulalamika ya kuwa maji ya dawa yananuka, wakarudi kuteka ziwani. Harufu ile ndogo ya klorini ni dalili kwamba dawa bado imo ndani ya maji.