Saini ya Kidijitali: Namna ya Kutambua Barua Pepe ya Kughushi

Katika somo hili tunaeleza kwa nini jina la mtumaji wa barua pepe si uthibitisho, jinsi saini ya kidijitali inavyofanya kazi, na mahali ambapo ulinzi wake unaishia.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara wa vipuri jijini Mwanza huagiza mzigo kutoka Dubai na kulipa kupitia benki. Siku moja anapokea barua pepe yenye jina la msambazaji wake, nembo yake na namba ya ankara anayoitambua. Barua inasema kuwa akaunti ya benki imebadilika, hivyo alipe kwenye akaunti mpya. Analipa. Wiki mbili baadaye msambazaji anampigia simu kuuliza malipo yako wapi. Fedha zikishatolewa kwenye akaunti ya laghai, ni vigumu sana kuzirejesha.

Kwa nini barua pepe hughushiwa kwa urahisi

Kanuni za kusafirisha barua pepe zina asili yake mwaka 1982, wakati mtandao ulipotumiwa na vyuo na taasisi chache. Kanuni hizo hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake. Ni sawa na bahasha ya posta: mtu yeyote anaweza kuandika juu yake jina alitakalo la mtumaji, na bahasha ikafika.

Saini inavyofanya kazi

Ili kuziba pengo hilo, mwaka 2007 zilitolewa kanuni za saini ya kidijitali ziitwazo DKIM. Saini hii si picha ya mwandiko. Mwenye kikoa, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani, hutengeneza funguo mbili. Ufunguo wa siri hubaki katika seva yake, na ufunguo wa wazi huwekwa hadharani katika kumbukumbu za kikoa hicho.

Barua inapotoka, seva hutumia ufunguo wa siri kuitia saini inayotokana na maandishi ya barua yenyewe pamoja na anwani ya mtumaji. Seva ya mpokeaji huchukua ufunguo wa wazi na kuihakiki. Tarakimu moja ya namba ya akaunti ikibadilishwa njiani, uhakiki unashindikana.

Saini hii ina wenzake wawili. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa. DMARC hudai kikoa kilichothibitishwa kilingane na kile anachokiona msomaji, na huelekeza barua isiyothibitishwa ipokelewe, iwekwe kwenye barua taka au ikataliwe. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo zinawataka watumaji wa barua nyingi kutumia njia zote tatu.

Ulinzi unaishia wapi

Saini huthibitisha kikoa kilichotuma barua. Haithibitishi uaminifu wa mwenye kikoa. Laghai anaweza kusajili mfano-malipo.com ili afanane na mfano.co.tz, kisha akatia saini halali ya kikoa chake mwenyewe. Vilevile, akiiba nywila ya msambazaji, barua atakazotuma zitabeba saini ya kweli. Mfanyabiashara wetu wa Mwanza angeweza kunaswa kwa njia yoyote kati ya hizo.

Mtumiaji unashauriwa:

1. Soma anwani yote ya mtumaji, herufi kwa herufi, wala usiishie kwenye jina. Vikoa vinavyoishia na go.tz ni vya taasisi za Serikali ya Tanzania. Barua inayodai kutoka wizarani huku ikitumia anwani ya bure itiliwe shaka.

2. Fungua maelezo ya barua. Katika baadhi ya huduma utayapata kwa kubonyeza mshale mdogo karibu na jina la mtumaji. Hakikisha kikoa kilichotia saini ndicho unachokifahamu.

3. Ukiambiwa akaunti ya malipo imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu awali. Usitumie namba iliyoandikwa ndani ya barua hiyo.

4. Ikiwa umekwishalipa, iarifu benki yako mara moja ili ijaribu kuzuia malipo, kisha toa taarifa polisi. Usiifute barua, kwa kuwa maelezo yake ya njia iliyopitia ni ushahidi.

5. Ikiwa biashara yako ina kikoa chake, mwombe anayekuhudumia akuwekee DKIM, SPF na DMARC. Kwa kufanya hivyo utawakinga wateja wako dhidi ya barua zinazoghushi anwani yako.

Jipime

Umepokea barua pepe kutoka shule anayosoma mwanao. Anwani ni sahihi na saini ni halali. Inakutaka ulipe ada kwenye akaunti mpya kabla ya saa kumi jioni. Je, ulipe?

Jibu: Usilipe bado. Saini imekuonyesha kuwa barua imetoka kwenye kikoa cha shule, lakini haikuonyeshi ni nani aliyeketi mbele ya kompyuta. Pigia simu ofisi ya mhasibu kwa namba iliyo kwenye stakabadhi yako ya zamani, kisha ndipo uamue.