SOMO LA AFYA: Tuutunze Mgongo Tunapolima

Mvua zikianza, malalamiko ya mgongo, magoti na mabega huongezeka katika familia zetu, kwa hiyo tumeona vema tujifunze pamoja jambo hili.

Machi 2021 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza msaada wa wakimbizi walioko Rwanda kwa asilimia 60. Mwenye nguvu alifanya nini? Alishika jembe. Ndugu zetu wa kambi ya Mugombwa wanalima pamoja na wenyeji katika bonde la Misizi, wilaya ya Gisagara, lenye hekta 55. Sisi wa Kigali tunatafuta vibarua katika mabonde ya kando ya mji. Kibarua akilala mgonjwa hapati malipo, ndiyo maana wengi huficha maumivu mpaka siku wanaposhindwa hata kumbeba mtoto.

Tuanze na mpini wa jembe. Mpini mfupi unatulazimisha kuinama kutwa nzima, na mishipa na misuli ya kiuno haipati kupumzika. Jimbo la California, Marekani, lilipiga marufuku jembe la mpini mfupi mashambani mwaka 1975, baada ya vibarua kuumia migongo kwa miaka mingi. Kwetu hakuna wa kutukataza, lakini mti wa kuchonga mpini upo. Simamisha jembe mbele yako: mpini ukiishia kiunoni, ni mfupi, tafuta unaofika kifuani. Noa jembe pia, kwa maana jembe butu hulipwa kwa mabega.

Kwenye mteremko, ukilima umeelekea juu, unainama kidogo zaidi. (Bwana shamba atasema udongo unashuka, naye ana haki, kwenye matuta ya ngazi shida hiyo ni ndogo.) Badilisha mkono unaotangulia. Kila baada ya muda simama wima, shika kiuno, jinyooshe nyuma taratibu. Si uvivu. Tena kazi zibadilishane: aliyelima asubuhi apande au akusanye majani baadaye.

Mizigo nayo! Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Chuchumaa, ivute karibu na mwili, inuka kwa nguvu za miguu, wala usijipinde ukiwa umeibeba. Bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, ni afadhali. Gunia la viazi liinuliwe na watu wawili. Na akina mama, kulima na mtoto mgongoni ni mzigo juu ya mzigo. Mpeane zamu za kulea kivulini.

Mgongo ukishauma, pumzika siku moja au mbili, kisha tembea polepole. Kulala wiki nzima kunaudhoofisha. Tunaonya juu ya vidonge vya diklofenaki vinavyonunuliwa dukani bila ushauri: vinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo, na huku unaendelea kulima juu ya jeraha.

Maumivu yakishuka mguuni hadi chini ya goti, au yakija na homa na kukonda, nenda kituo cha afya. Mguu ukifa ganzi au kukosa nguvu, au mkojo ukikutoka bila kujua, nenda siku hiyo hiyo, wala usikubali mtu akukande au kukuvuta mgongo kabla mganga hajakupima.