Pumzi Yako Yatawaliwa na Nini?

Wakulima wenzangu, wekeni mkono ubavuni, mhesabu kwa sauti toka 1 mpaka 20 kwa pumzi moja. Mtaona kifua hakishuki mara moja, bali kidogo kidogo. Nani anakizuia?

Ni ubongo. Chini yake, nyuma ya kichwa karibu na shingo, pana sehemu itoayo amri ya kuvuta pumzi hata mtu akiwa usingizini. Hewa chafu ikizidi katika damu, sehemu hiyo huongeza mwendo. Amri hupita katika kamba ya fahamu iliyo ndani ya uti wa mgongo, kisha mishipa ya fahamu huipeleka kwenye misuli ya mbavu na ule msuli utengao kifua na tumbo.

Mwaka 1984, hapa kwetu Nariokotome, Bwana Kamoya Kimeu aliona kipande cha kwanza cha mifupa ya kijana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mtaalamu Ann MacLarnon alipima tundu la pingili zake za kifuani, akaliona jembamba kuliko letu. Alisema kijana hakuweza kuitawala pumzi kwa maneno marefu. Wengine, walipoona pingili za kale za Dmanisi, nchi ya Georgia, zenye tundu pana, walisema yamkini kijana alikuwa na ugonjwa wa mgongo. Ubishi haujaisha.

Somo hili lahusu shamba pia. Baadhi ya dawa za wadudu na kupe huharibu kazi ya mishipa hiyo. Misuli hupokea amri bila kukoma, ikatetemeka, kisha ikalegea. Mapafu hujaa maji, na amri ya ubongo hufifia. Mtu hufa kwa kukosa pumzi.

Dalili ni jasho, mate na machozi mengi, mboni ndogo, misuli kurukaruka, na kifua kukoroma. Ukiziona:

1. Mwondoe mahali penye dawa. Vaa mipira ya mikono kwanza.
2. Mvue nguo, umwoshe kwa sabuni na maji mengi.
3. Mlaze ubavu. Usimpe maziwa wala usimtapishe.
4. Mkimbize hospitali pamoja na karatasi ya chupa ya dawa, ili mganga ajue sumu gani.

Usingoje kuona kama atapata nafuu. Kijana wa Nariokotome hatuwezi kumsaidia. Jirani yako waweza.