Stima Ikirudi: Ya Kufanya na Kutofanya kwa Mwenye Wufa Eastlands

Usinunue kebo ya umeme kwa bei ya amplifaya. Ughaibuni zinauzwa za maelfu ya dola, kwa ahadi kwamba besi itashuka zaidi na sauti ya mwimbaji itasafika. Stima ya mitaa ya Nairobi kama Umoja au Kayole imetoka kwenye transfoma ya nguzoni, ikapita waya ulioanikwa juani, ikapanda orofa tano ndani ya waya ambao mwenye ploti aliununua kwa kubembeleza bei. Mita moja ya mwisho, hata ingekuwa ya fedha tupu, haina la kusafisha.

Nunua kebo ya shaba. Ukienda Luthuli Avenue, beba sumaku. Waya ukinasa, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Usiponasa, kwaruza kwa kisu: shaba ni nyekundu hadi ndani, alumini hutokeza weupe. Muuzaji akinuna, mwache anune. Unene wa milimita 1 ya mraba unabeba ampea 10, na hiyo inazidi mahitaji ya muziki wa sebuleni. Tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango, kisha tuma SM# pamoja na nambari ya kibali iliyo chini yake kwenda 20023. Alama bila nambari ni mapambo.

Usitishwe na maandishi ya boksi. Wufa ya "wati 10,000 PMPO" haiwezekani: fyuzi kubwa kabisa ya plagi yetu ni ampea 13, na kwa volti 240 hizo ni wati 3,120 tu. Soma kibandiko cha nyuma, palipoandikwa inachokula kwa kweli; usishangae ukikuta hata wati 100 hazifiki. Kifaa kisichozidi wati 700 kiwekee fyuzi ya ampea 3. Ukiweka ya 13 kwenye kijiwaya chembamba, kijiwaya ndicho kitakachoungua kwanza.

Usifunge fyuzi kwa karatasi ing'aayo ya pakiti ya sigara. Hili halihitaji maelezo.

Usichomeke kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie. Najua kila nyumba ina kijiti cha kazi hiyo. Pini hizo hukaa zikilegea, hutoa cheche, na soketi hupata moto hadi plastiki inageuka hudhurungi. Adapta yenye fyuzi haikufilisi.

Usikate pini ya athi. Amplifaya na dekoda zikiunganishwa, huenda ukasikia mngurumo wa chini usiokoma, na fundi atakwambia dawa ni kuing'oa pini ile. Mlipe nauli aende zake. Waya wenye moto ukigusa bodi ya chuma, athi ndiyo inayoipa stima njia nyingine isiyokuwa wewe. Chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, kisha ondoa kebo ya dishi na usikilize. Mngurumo ukikoma, mwenye makosa amejulikana.

Chomoa vifaa stima inapopotea. Vifaa havifi kwa giza, hufa kwa kurudi kwa mwanga. Usiku wa 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizimika, na kabla mwaka haujaisha ikazimika tena. Lakini Dandora na Pipeline hatukungoja matukio ya kitaifa ili tujifunze hayo.

Usichanganye vilinzi viwili. Ekstensheni yenye kinga ina varista, kijiduara kinachomeza mshtuko wa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama ule wa radi. Haimudu volti zinazopanda na kubaki juu. Na hapa kwetu ndiko hatari iliko: waya wa nyutro ukikatika kwenye fleti yenye fezi tatu, nyumba moja huweza kupata volti zinazokaribia 415 huku jirani akibaki na taa ya kufifia. Varista hupasuka. Kinachokufaa ni gadi inayopima volti, inayokata zikizidi au zikipungua, na kungoja dakika kadhaa kabla ya kuziruhusu tena. Nunua gadi kabla ya spika ya pili. Taa ziking'aa kupita kawaida, zima swichi kuu, pigia Kenya Power, na usiguse waya mpaka aje fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya kawi.

Usichomeke chochote cha thamani kwenye stima ya sambaza, ile iliyounganishwa kwa magendo. Athi huko hakuna, na gadi itakesha ikikata.

Usikubali zawadi ya binamu aliye Marekani kabla hajakusomea kibandiko. Stima ya kule ni volti 120, hezi 60. Yetu ni 240 kwa 50. Transfoma hushusha volti, hezi haizigusi. Santuri ya mizunguko 33 kwa dakika, kwenye mota inayofuata hezi, itazunguka kama 28, na rumba ya mzee wa Buruburu igeuke maombolezo. Kibandiko kikisema 100–240 na 50/60, ailete. Kikisema 120 na 60 pekee, amuuzie jirani yake wa huko.