Mzee Aliyepotewa na Fahamu: Je, Yafaa Kusaidiwa Afe?

Ndugu Waislamu, siku hizi laulizwa swali zito. Mtu aliyeshikwa na maradhi ya demensia, hata hamtambui mwanawe wala hajui yuko wapi, je, yafaa kusaidiwa afe? Na mtumishi wa ustawi wa jamii, ambaye kazi yake ni kumtetea mnyonge, aseme nini?

Kwanza tujue kuwa maradhi haya ni ya ubongo. Si laana wala si uchawi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria kuwa mwaka 2021 wagonjwa walikuwa milioni 57, na wengi wao wako katika nchi zisizo tajiri.

Wanaoruhusu husema: kila mtu ana haki ya kujiamulia. Haki hiyo watumishi wa ustawi wa jamii wamefundishwa kuiheshimu. Lakini pia wamefundishwa kumlinda asiyeweza kujitetea. Katika demensia mambo haya mawili hugongana. Uholanzi, ambako sheria yaruhusu tangu 2002, bibi mmoja wa miaka 74 alikuwa ameandika kuwa ataka kufa wakati yeye mwenyewe atakapoona umefika. Mwaka 2016 daktari alimtilia dawa ya usingizi katika kahawa. Bibi akainuka, na jamaa zake wakamshika mpaka akafa. Mahakama ilimwachilia daktari mwaka 2019. Ewe msomaji, tafakari: aliyeandika na aliyeinuka, ni yupi aliyesikilizwa?

Kenya, kumsaidia mtu kujiua ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 57, yampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali.

Ama dini yetu, hukumu yake ni wazi: roho ni amana, na kuiua ni haramu. Kupotewa na akili humwondolea mtu taklifu, hakumwondolei utukufu. Na Sura ya Bani Israili imetuamrisha tusiwakemee wazazi wafikapo uzeeni. Lakini tusichanganye mambo: kuacha matibabu yasiyomfaa tena mgonjwa anayekufa, kwa shauri la madaktari waaminifu, wanazuoni wengi wamekuruhusu, huko si kuua.

Sasa tujihesabu. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na wako watu wa pwani wenye wazee wao huko ziwani. Mara nyingi mzee wa namna hii huachiwa binti mmoja amwoshe, amlishe na kumkesha asije akatoka usiku akapotea ufuoni. Binti huyo akisema, "Heri Mungu amchukue," hajataka kuua; amechoka. Mtumishi mwema husikia uchovu katika neno hilo, akauliza: nani atampokea zamu? Mzee ameandikishwa katika Inua Jamii, ambayo huwapangia wenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi? Amepelekwa hospitali?

Kusema "haramu" ni rahisi. Anayesema hivyo, kisha asiende kumshikia zamu binti yule hata usiku mmoja, amesema nusu ya haki, na nusu iliyosalia ni deni shingoni mwake.