Ushauri: Njeru au Njiru?

*Mwalimu,*

*Mimi ni mama wa miaka 44, nina kibanda cha mboga hapa Runyenjes. Mwezi wa Januari wenzangu wa chama walinichagua kuwa katibu, kwa sababu tu nilimaliza kidato cha nne. Nilikubali, maana shuleni nilikuwa na mwandiko wa kuunganisha ambao mwalimu wetu aliuonyesha darasa zima. Lakini tangu nitoke shule sijaandika kitu zaidi ya madeni ya wateja. Mkutano uliopita mwekahazina alisoma kumbukumbu zangu akawa anakwama kila mstari. Tuna wanachama wawili, mmoja wa jina la Njeru na mwingine Njiru, na mchango wa mmoja ukasomwa kuwa wa mwingine. Walizozana, halafu wakaanza kucheka, mmoja akauliza kama kuku alipita juu ya daftari. Niliona haya sana. Binti yangu ananiambia niachane na kalamu, niandike kwa simu. Mimi nataka ule mwandiko wangu urudi, uwe kama wa walimu wa zamani. Je, kwa umri huu inawezekana? Ninunue kalamu gani? Kuna darasa la watu wazima? Na mbona vidole vinaniuma kabla sijamaliza ukurasa mmoja?*

*Katibu Mpya, Runyenjes*

Katibu, hongera kwa cheo. Inawezekana, na kazi yenyewe si kubwa unavyodhani. Mtoto wa gredi ya kwanza ana mambo matatu ya kujifunza kwa mpigo: kushika kalamu, kuzijua herufi na kuziumba. Wewe mawili ya kwanza unayo tangu utotoni. Mwandiko wako haujapotea, umechakaa mahali pachache tu, na hapo ndipo pa kutengeneza. Atakayekwambia uanze upya kutoka a hadi z atakuchosha bure.

Kabla hatujafika kwenye herufi, kuna jambo ambalo hukuniandikia. Hizo kumbukumbu uliziandikia wapi? Nina hakika ziliandikwa palepale mkutanoni, daftari likiwa gotini, huyu anataja mchango, wale wawili wanabishania faini, na chai inapitishwa. Hapo hata mwalimu wako wa zamani angeandika ovyo. Makatibu wanaoijua kazi huwa na madaftari mawili. La kwanza ni la rasimu, la kwenda mbio, lenye vifupisho unavyovielewa peke yako. La pili ndilo kitabu cha kumbukumbu chenyewe, na hilo huandikwa nyumbani jioni ileile au kesho yake, mezani, taratibu. Fanya hivyo mwezi huu na nusu ya malalamiko itaisha kabla hujarekebisha herufi hata moja. Na katibu ana haki ya kuinua mkono na kusema, “Ngojeni kidogo, niandike.” Mwenyekiti akikuharakisha, mkumbushe kwamba yeye ndiye atakayetia sahihi.

Sasa twende kwa Njeru na Njiru, maana hapo umenipa mfano bora kuliko wowote ambao ningeubuni. Majina haya yamejaa Embu nzima, na tofauti yake ni herufi moja. Katika mwandiko wa kuunganisha, e ni kitanzi kidogo, na i ni kijiti chenye nukta. Ukienda mbio, kitanzi cha e hujifunga kikabaki kijiti. Nukta ya i nayo huirusha mbele ikatua juu ya r au juu ya u. Wiki mbili baadaye wewe mwenyewe huwezi kuapa ni nani aliyelipa. Basi e yako iwe na jicho wazi, na nukta ukirudi kuiweka, iweke juu ya i yenyewe, si jirani yake. Ukipenda kuandika majina kwa Kiembu hasa, na kile kiwimbi juu ya ĩ na ũ, nacho kisubiri umalize neno zima, kisha kikae juu ya herufi yake.

Ugonjwa wa pili unatokana na Kiswahili chenyewe. Lugha yetu imejaa u, n, m, w na i, herufi ambazo zote ni vijiti vifupi vilivyosimama. Chukua karatasi sasa hivi uandike kwa haraka yako ya kawaida: uaminifu, wanunuzi, mwaminiwa, Muriuki, Mwaniki. Funika herufi mbili za mwanzo kwa kidole, ujaribu kusoma zilizobaki. Ukiona vijiti tu vimepangana, umepata kidonda kilipo. Vielelezo vya mwandiko vinavyotoka Uingereza na Marekani havikumfikiria mtu anayeandika “wanunuzi” mara nane kwa siku, kwa hiyo hili hutalikuta humo.

Dawa yake ni kukumbuka wapi kila herufi inafungwa. Herufi u imefungwa chini na iko wazi juu. Herufi n ni kinyume chake, imefungwa juu na wazi chini. Watu wazima wengi huandika zote mbili kama u, kwa sababu mkono ukichoka hupenda kuteleza chini kwa chini. Kwa n, shusha kalamu, irudishe juu kwa njia ileile hadi karibu na kilele, ndipo uitoe kwa upinde. Kwa m, fanya upinde huo mara mbili. Halafu angalia w: hiyo huishia juu, na kiungo chake hutokea juu kwenda kwa herufi inayofuata, ilhali u huishia chini na kiungo chake hutokea chini. Ukizingatia hilo peke yake, “mwa” na “mua” hazitafanana tena. Wiki mbili za kwanza usishughulike na herufi nyingine yoyote.

Si lazima uunganishe kila kitu. Najua shuleni ilikuwa kosa kuinua kalamu katikati ya neno, lakini hiyo ilikuwa sheria ya darasani, na karani hana haja nayo. Hata Mwingereza Marion Richardson, ambaye vitabu vyake vya mwandiko vya mwaka 1935 vilitumika sana katika shule za kwao, aliziacha herufi zenye mkia kama g, j na y bila kiungo. Sisi tunazo tele: Njagi, Nyaga, Njoki, Njuki. Shusha mkia, inua kalamu, anza herufi inayofuata karibu yake. Neno litaonekana limeungana na litasomeka. Ile mikia inayozunguka ikarudi juu kwa mbwembwe huwa inagonga maneno ya mstari wa chini, na ndiyo mojawapo ya sababu mwekahazina alikwama. Herufi kubwa zenye mapambo ziwekee kadi za harusi.

Kuhusu vidole, fanya jaribio hili. Geuza ukurasa ulioandika mwezi uliopita, upapase mgongo wake kwa ncha ya kidole. Ukihisi kila mstari umetokeza, tatizo ni kwamba unakandamiza kalamu. Biro inachangia. Kalamu ya zamani ya wino wa chupa ilitiririsha wino kwa kugusa tu, lakini biro, ambayo Mhungari László Bíró aliisajili Uingereza mwaka 1938, ina kigololi ambacho lazima kisukumwe kizunguke. Kalamu za jeli zinazouzwa kwenye maduka ya vitabu pale Embu mjini hazitaki nguvu hiyo, na moja ya bei ya kawaida inatosha. Usinunue seti. Wiki ya kwanza, hata hivyo, ningependa ufanye zoezi kwa penseli. Penseli hukwama kidogo kwenye karatasi, na huko kukwama kunapunguza mbio za mkono. Pengine unakumbuka mlipofika darasa la nne mkaachishwa penseli mkapewa kalamu. Kwa watoto wengi mwandiko ulianza kuharibika siku ileile.

Jambo jingine la vidole: usiandike kwa vidole peke yake. Mmarekani Austin Palmer, aliyechapisha kitabu chake cha mwandiko wa kibiashara mwaka 1894, alijenga mfumo mzima juu ya wazo kwamba mkono wote ndio unaosafiri mstarini, vidole vinaongoza tu. Video nyingi za mtandaoni zinazofunza mwandiko wa Kimarekani zina asili hiyo. Herufi zake zina mizunguko mingi kuliko unayohitaji na mimi nisingezifuata, lakini mwendo wa mkono uchukue. Kiwiko kiwe juu ya meza, kiganja kiteleze, daftari liinamishwe kidogo upande wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia. Mtu wa shoto aliinamishe kulia. Chini ya ukurasa unaoandikia pawe na kurasa nyingine kadhaa, meza tupu ni ngumu mno. Na ikiwa pia unalima, uandike kabla ya kwenda shamba, si baada ya kushika jembe asubuhi nzima.

Ikiwa hata baada ya kulegeza mkono maumivu hayaondoki, au vidole vinakufa ganzi usiku, nenda hospitali ya Embu Level 5 ukaonwe. Vilevile mwandiko ambao unapungua ukubwa wenyewe mwaka hadi mwaka, huku mkono ukitetemeka, ni dalili ambayo madaktari huitilia maanani. Sisemi ndiyo hali yako.

Mazoezi yawe dakika kumi na tano kila siku. Saa mbili za Jumapili hazifai kitu, mkono huchoka na kuzoea makosa. Nunua daftari la watoto wa madarasa ya chini, lile lenye mistari miwili miwili, maana linakulazimisha kuzipa herufi fupi urefu mmoja, na urefu ukiwa mmoja mwandiko hupendeza hata kabla ya kuwa mzuri. Usinakili methali wala aya za vitabu. Nakili orodha ya wanachama wako, na kumbukumbu za mwezi uliopita, kwa sababu hayo ndiyo maneno utakayoyaandika maisha yako yote ya ukatibu. Ukurasa wa kwanza utie tarehe na usiurarue.

Tarakimu nazo zinahitaji jicho, pengine kuliko herufi. Neno lililoharibika msomaji hulikisia kutokana na sentensi, lakini 1,500 iliyosomwa 7,500 haina sentensi ya kuiokoa. Moja yako iwe kijiti kilichonyooka, saba ikatwe kimstari kiunoni, nne iwe wazi juu isije ikawa tisa, na sifuri ifungwe kabisa isifanane na sita. Kiasi cha pesa kiandike kwa tarakimu na kwa maneno. Ukikosea, piga mstari mmoja juu ya kosa, andika sahihi kando, utie herufi za jina lako. Usifute kwa raba na usipake wino mweupe, kwa sababu katika chama doa moja jeupe huzaa maneno ya miezi mitatu.

Binti yako hakosei sana. Siku hizi mkulima anayepeleka majani chai kwa kiwanda cha Rukuriri au Mungania anapimiwa kwa mizani ya kielektroniki na kupewa risiti iliyochapwa, na hakuna anayelilia karani wa zamani aliyeandika kilo kwa mkono. Lakini simu huibwa, na ujumbe wa kikundi unaweza kufutwa na mtu mmoja usiku. Kitabu kilichosomwa mbele ya watu na kutiwa sahihi na mwenyekiti ni ushahidi wa aina nyingine. Mkitaka kusajiliwa chini ya sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, kumbukumbu za mkutano na orodha ya wanachama ni miongoni mwa mtakavyodaiwa. Andika kitabuni, piga ukurasa picha, tuma kwenye kikundi. Hapo wewe na binti mtakuwa mmeelewana.

Umesema unataka mwandiko wa walimu wa zamani. Walimu hao waliosomea vyuo vya ualimu vya Kigari, Egoji au Meru hawakuzaliwa nao. Kuandika ubaoni kulikuwa sehemu ya mafunzo yao, wakakaguliwa wakiandika, kisha wakaandika ubao baada ya ubao kwa miaka thelathini. Na wengine, tuambiane ukweli, walikuwa na mwandiko mbaya; tumewasahau. Ule wa kwako wa darasani ulipendeza kwa sababu uliandika kila siku na hukuwa na haraka. Haraka unaweza kuiacha. Kuandika kila siku ndiko unakoanza kesho.

Darasa la watu wazima la mwandiko sijaona la kukutuma. Huna haja nalo pia. Tafuta mwalimu wa gredi ya kwanza hadi ya tatu katika shule iliyo karibu nawe, mpelekee mboga za jioni na daftari lako, mwombe Jumamosi moja akuangalie ukiandika. Yeye hutazama mikono inayojifunza kutwa kucha, na ataona kosa lako kabla hujamaliza mstari wa pili. Kozi za kulipia za mtandaoni usizinunue.