Kulwa homa kila mara, Doto mzima

SWALI: Daktari, nina mapacha wa kike, miaka sita. Kulwa huugua malaria mara kwa mara, Doto mara chache sana. Kwani damu si moja?
Mama Kulwa, Ipogolo, Iringa

JIBU: Mama Kulwa, inategemea. Mapacha wa yai moja wana vinasaba karibu vilevile. Wa mayai mawili hushiriki nusu tu kwa wastani, kama ndugu wengine. Sura zisikudanganye, kipimo cha vinasaba ndicho humaliza ubishi. Watafiti hutumia tofauti hiyo: ugonjwa ukiwapata wote wawili mara nyingi zaidi kwa wale wa yai moja, urithi una mkono wake.

Kuhusu malaria, ushahidi mzuri umetoka Kilifi, Kenya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulilinganisha watoto kwa undugu na kwa nyumba walimoishi. Urithi ulieleza takriban robo ya tofauti za kuugua, mambo ya nyumbani robo nyingine. Kinasaba cha selimundu, kinachosifiwa sana kwa kinga, kilichangia asilimia 2 hivi. Lakini robo hiyo ya urithi ni ya jamii nzima. Usiseme robo ya homa ya Kulwa ni ya kurithi.

Anza na nyumbani: tazama nani hulala pembeni, mguu ukigusa chandarua: mbu huuma hapohapo. Tena, Iringa ina malaria kidogo kuliko mikoa mingi. Je, homa zote hizo zilipimwa, au nyingine si malaria? Zahanati wana kipimo cha haraka, tone la damu tu kidoleni. Mpime Kulwa kabla ya kumpa dawa.